Picha yako imebandikwa bila idhini, au apu ya mkopo imepigia watu wako simu: njia ya kufuata Kenya, hatua kwa hatua

Mtu akivunjiwa faragha yake mara nyingi hufanya moja ya mambo mawili, ama anaposti hasira zake Facebook ama anasema twende kortini leo leo, na hapo ndo kesi nyingi nzuri zinapotelea. Haki anayo kabisa, ila ameingilia mlango usio wake au ameingia mkono mtupu. Kwa hiyo nitaandika hapa mpangilio mzima, na kila hatua nitataja uamuzi wa mahakama ulioifanya iwe hivyo, manake ukijua majaji walisema nini unajua pia cha kuandika kwenye malalamishi yako.

Sheria ya msingi yenyewe ni fupi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake, vitu vyake kutochukuliwa, habari za familia yake na mambo yake binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa bila ulazima, na mawasiliano yake kutoingiliwa. Basi, yameisha. Hakisemi picha kwenye bango inalipwaje, wala apu ya mkopo ikimpigia bosi wako simu ufanyeje. Hayo yamejazwa pole pole na mahakama, na tangu Novemba 2019 tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ambayo imetuletea ofisi ya Kamishna wa Data, nayo pia maamuzi yake yanaenda mahakamani na kurudi yakiwa yamenyooshwa.

(Walioko Tanzania, nyinyi mna ibara ya 16 ya Katiba yenu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yenu wenyewe. Njia inafanana lakini siku na fomu ni zenu, msichukue hizi za Kenya mkazipeleka Dodoma.)

Hatua ya 1: jua ni nani amekukosea

Usiruke hapa. Watu hufikiria Katiba ni ya kushtaki serikali tu, lakini kifungu cha 20 kinasema Haki za Binadamu zilizo kwenye Katiba zinafunga vyombo vya serikali na watu wote, kwa hiyo klabu, shule, kampuni ya mkopo, saluni, wote wamo ndani.

Akiwa ni biashara au taasisi inayokusanya habari za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data inamhusu moja kwa moja. Akiwa ni polisi au wizara, inamhusu pia, ila wana misamaha yao ya usalama wa taifa na mambo mengine yanayotakiwa na sheria. Akiwa ni shangazi yako ameweka video ya harusi kwenye grupu la WhatsApp la familia, hapo ile sheria ya data inajitoa kwa sababu matumizi ya nyumbani na ya mtu binafsi yamesamehewa, na kusema kweli hilo mlimalize nyumbani. Waandishi wa habari nao wana msamaha wao kwa kazi inayofaa umma, ingawa si leseni ya kuanika chochote.

Hatua ya 2: shika ushahidi kabla hujafungua mdomo

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Ukianza kwa kuwatumia matusi watafuta ile posti, na baada ya hapo ni neno lako na neno lao.

Piga skrinshoti ya ukurasa mzima, usiikate, ionekane jina la akaunti, tarehe, saa, na idadi ya waliotazama kama ipo. Nakili linki yenyewe uiweke mahali. Kama ni video, irekodi ikicheza. Kama ni bango la barabarani, simama mbali upige picha inayoonyesha duka na mtaa, alafu sogea upige sura yako. Kama ni simu, andika namba, saa na maneno waliyosema, siku hiyo hiyo, usingoje wiki ipite. Alafu tuma kopi zote kwenye imeili yako mwenyewe, simu huibiwa.

Sasa kuna kitu watu hawaambiwi. Kortini skrinshoti peke yake haitoshi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti, yaani karatasi iliyosainiwa na mtu aliyeitoa hiyo picha kwenye simu au kompyuta, aeleze ni kifaa gani, kilikuwa kinafanya kazi sawasawa, na aliitoa namna gani. Majaji wameshazitupa skrinshoti nyingi kwa sababu ya kukosa hiyo karatasi moja. Kwa hiyo yule aliyepiga skrinshoti awe ni mtu atakayekubali kusaini, si rafiki wa rafiki aliyekutumia alafu hataki jina lake liandikwe popote.

Na kwa kesi za apu za mkopo: wale waliopigiwa simu, mama yako, mwenzako wa kazini, mwenye nyumba, nao wamekosewa. Wewe labda ulibonyeza kukubali, wao hawakubonyeza kitu. Waombe waandike taarifa fupi kila mmoja, namba iliyowapigia na walichoambiwa. Wanaweza hata kulalamika kivyao, na malalamishi yao mara nyingine yana nguvu kuliko yako.

Hatua ya 3: pima hiyo idhini wanayosema ulitoa

Jibu la kwanza utakalopewa ni hili: "lakini ulikubali." Ama ulisaini, ama ulibonyeza, ama uliangalia kamera ukatabasamu. Usiogope hapo, hapa ndipo mahakama zimetusaidia zaidi.

Kwanza, kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaweka mzigo kwa yule anayetumia data. Yeye ndiye athibitishe ulikubali, si wewe uthibitishe hukukubali. Andika hilo kwenye malalamishi yako kwa maneno hayo hayo.

Pili, kukubali ukiwa umebanwa si kukubali. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikikaa Mombasa iliamua kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Ukunda, wakapelekwa hospitali kufanyiwa uchunguzi wa mwili wa kudhalilisha ukiwa ni ushahidi wa kesi ya jinai. Mahakama Kuu ilikuwa imewaambia walikubali wenyewe. Mahakama ya Rufaa ikapindua, ikasema mtu akiwa mikononi mwa polisi, hana wakili, hawezi kuhesabiwa ametoa idhini ya hiari, na ushahidi wa namna hiyo hautakiwi kutumika. Hiyo kesi ilikuwa ngumu na wengi hawakutaka hata kuizungumza, lakini msingi wake unamlinda kila mtu anayeambiwa na askari "fungua simu yako tuone" akiwa seli.

Tatu, idhini ya kununuliwa nayo ina kasoro. Mnakumbuka Julai 2023 foleni za KICC, lile jumba la mikutano Nairobi, watu wanachanganuliwa mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, wapate tokeni za kama shilingi elfu saba? Katiba Institute walienda mahakamani, na Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamua kwamba ukusanyaji ule ulikiuka sheria, tathmini ya athari kwa data (yaani kupima mapema hatari ya kukusanya habari za watu) haikufanywa inavyotakiwa na idhini ilipatikana kwa kishawishi cha pesa, akaamuru data ya macho na sura za Wakenya ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Wewe kesi yako ni ndogo, sawa, lakini kama saluni ilikupa punguzo la bei "tukupige picha kidogo", uliza swali lile lile: niliambiwa picha inaenda wapi?

Nne, picha za biashara. Mahakama Kuu mwaka 2017, kwenye kesi iliyohusu kituo kimoja cha urembo, iliweka mambo matatu ya kuthibitisha ukidai sura yako imetumika vibaya: kwamba ametumia kitu kinachokutambulisha, kama sura au jina, kwamba ametumia kwa faida yake, na kwamba hukumpa idhini. Matatu hayo yote, ukikosa moja umeanguka. Chukua mfano wa dada aliyesukwa nywele Kisauni, akaombwa picha ya kuweka kwenye albamu ya mitindo ya pale ndani, akakubali, miezi kadhaa baadaye anajiona kwenye bango kubwa la mafuta ya nywele. Sura ni yake, faida ni ya mwenye mafuta, na idhini aliyotoa ilikuwa ya albamu, haikuwa ya bango. Hapo ana kesi. Lakini kama bango linaonyesha kisogo tu, hakuna anayeweza kusema ni nani, lile la kwanza ndo litamsumbua sana.

Hatua ya 4: waandikie barua, na uhesabu siku

Hata kama una hasira, waandikie kwanza, kwa imeili ili tarehe ionekane. Barua iwe fupi. Kitu kama hiki:

"Mimi ni fulani. Tarehe fulani mliweka picha yangu kwenye ukurasa wenu (linki hii hapa). Sikutoa idhini. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 na cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, naomba muiondoe na kuifuta kokote mlikoihifadhi. Pia naomba mnieleze mmeipata wapi, mmempa nani, na mnionyeshe idhini mnayodai nilitoa. Nangojea jibu lenu kwa maandishi."

Usitishie, usitaje mamilioni. Kanuni za 2021 za Sheria ya Ulinzi wa Data zinawapa siku 7 kukuonyesha habari walizonazo kukuhusu, na siku 14 kushughulikia ombi la kurekebisha au kufuta. Kukupa habari zako ni bure, mtu akikuambia ulipe ada ya kutafuta faili, hilo nalo liweke kwenye malalamishi.

Wakifuta na kuomba msamaha, wengi huridhika na kuacha, na ni uamuzi wako. Ila kufuta hakuondoi kosa lililokwisha kufanyika, bado waweza kudai.

Hatua ya 5: nenda kwa Kamishna wa Data

Wakinyamaza au wakikujibu vibaya, huu ndo mlango wako. Malalamishi hayalipiwi. Unaweza kujaza fomu yao ya mtandaoni, kuandika barua, au hata kueleza kwa mdomo wakakuandikia, na mtu mwingine anaweza kulalamika kwa niaba yako. Huhitaji wakili.

Eleza mambo kwa mpangilio wa tarehe. Ambatisha skrinshoti, barua yako ya hatua ya 4 na jibu lao, au sema hawakujibu. Wao watapewa siku 21 kujibu tuhuma. Na uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 90 tangu ulipolalamika.

Hizo siku 90 zishike kichwani, manake Mahakama Kuu ishawahi kuutengua uamuzi wa Kamishna kwa sababu ulitoka muda umeshapita. Fikiria umeshinda, alafu ushindi wako unafutwa kwa kalenda. Kwa hiyo piga simu, ulizia, jibu haraka wakikuomba karatasi, na ikifika siku ya sitini bila habari, waandikie kuwakumbusha.

Sasa suala la pesa, kuna mkanganyiko mkubwa hapa. Septemba 2023 Kamishna alitangaza adhabu tatu zilizosikika sana: kampuni ya Mulla Pride yenye apu za mkopo za KeCredit na Faircash shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu na kuwatumia vitisho, Casa Vera Lounge ya Nairobi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini, na shule ya Roma ya Uthiru 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Watu wakaona hizo namba wakadhani mlalamishi ndo amelipwa. Hapana. Hiyo ni faini, mlalamishi haipati, na kisheria haipiti milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo.

Yako wewe ni fidia, na iko kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data. Nacho kimefanya jambo zuri sana: kinasema madhara ni pamoja na yale yasiyo ya pesa, kama kuhangaika roho. Kwa hiyo usiandike tu "naomba haki". Andika waziwazi kwamba unaomba fidia, alafu eleza kilichokupata. Ulikosa usingizi? Mume aliuliza ulikuwa klabu na nani? Bosi alikuita ofisini kwa sababu ya simu ya deni? Mtoto alichekwa shuleni? Ulienda kumwona daktari? Weka tarehe, na kama kuna karatasi iambatishe. Wanaoandika mistari miwili ya jumla huishia kupata amri ya kufuta picha na kitu kidogo sana juu yake, ilhali maumivu yao yalikuwa makubwa, hawakuyasema tu.

Kwa apu za mkopo, andikia Benki Kuu pia. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za Machi 2022 zinakataza kutishia mkopaji, kumwaibisha, na kupigia watu walio kwenye simu yake bila ruhusa, na leseni yao iko mikononi mwa Benki Kuu. Deni lako lakini linabaki deni, faragha haifuti mkopo.

Hatua ya 6: Mahakama Kuu, lini na vipi

Hapa wengi huteleza. Tangu kesi ya Njenga Karume ya 1992 Mahakama ya Rufaa ilishasema, kama sheria imeweka njia maalum ya kutatua jambo, ifuate hiyo njia kwanza. Majaji wanatumia msimamo huo kwenye kesi za data, ukienda na picha yako moja kwa moja Mahakama Kuu bila kupita kwa Kamishna, upande wa pili watapinga siku ya kwanza, na kesi inaweza kutupwa kabla hata jaji hajaiangalia hiyo picha. Umelipa wakili, umepoteza mwaka, na bado unarudi hatua ya 5.

Hakimu wa kawaida naye si mahali pake. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 imewapa haki chache tu za Katiba za kusikiliza, faragha haimo.

Mahakama Kuu moja kwa moja inafaa pale jambo linapokuwa kubwa kuliko wewe, yaani sheria yenyewe au agizo la serikali ndo lenye kasoro. Mwaka 2015 rais aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, zikiwa na majina yao. Shirika la KELIN na wenzake wakashtaki, na Desemba 2016 mahakama ikasema agizo lile linavunja faragha na maslahi ya watoto. Hakuna mzazi aliyelazimika kusimama kortini kutaja jina la mwanawe. Hiyo ndo nguvu ya kifungu cha 22 cha Katiba, shirika au mtu yeyote anaweza kushtaki kwa niaba ya wengine.

Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kuandikisha watu wote na kuwapa namba moja ya utambulisho, nayo imetufundisha kuomba amri ya muda mapema. Kesi ilikuwa bado inasikilizwa, lakini Aprili 2019 majaji watatu walishazuia serikali kulazimisha watu kujiandikisha na kuchukua DNA na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Hukumu yenyewe ikaja Januari 2020, wakasema hizo mbili ni kinyume cha Katiba, na mengine yasiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha. Serikali ikaendelea na kadi, na Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akazisimamisha kwa sababu tathmini ya athari kwa data haikufanywa. Wangengoja hukumu bila ile amri ya 2019, DNA za watu zingekuwa zimeshachukuliwa na hakuna jaji anayeweza kuzirudisha mwilini.

Ukienda huko, omba vitu kwa majina yake, kifungu cha 23 kimeviorodhesha: tamko kwamba haki yako imevunjwa, zuio, amri ya muda ya kuhifadhi hali ilivyo, kutangazwa batili kwa sheria, na fidia. Usichokiomba usikitegemee. Katiba inasema kufungua kesi ya namna hii hakutozwi ada, na kanuni za 2013 zinaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida kama mtu hana namna nyingine. Gharama za kesi lakini ni kitu kingine, ukishindwa jaji anaweza kukuamuru ulipe za upande wa pili, ingawa kwenye kesi za maslahi ya umma mara nyingi kila mmoja hubeba zake. Zungumza na wakili kabla, na kama huna uwezo kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na mashirika yanayofanya kazi hii.

Na usichelewe. Kesi za Katiba hazina muda maalum wa kufunga mlango, lakini ukikaa miaka mingi jaji atakuuliza ulikuwa wapi, na lazima uwe na jibu.

Hatua ya 7: baada ya uamuzi wa Kamishna

Ukiwa hujaridhika, una siku 30 kukata rufaa Mahakama Kuu. Na wao pia wanazo, kwa hiyo ukishinda usitumie hiyo pesa kichwani kabla siku 30 hazijaisha. Wakikaidi ilani ya utekelezaji ya Kamishna, hilo sasa ni kosa la jinai, faini mpaka milioni 5 au jela mpaka miaka miwili, au vyote, kwa hiyo mwandikie Kamishna umwambie hawajatekeleza, taja tarehe waliyopewa.

Kabla ya kuandika chochote kati ya hivi, tenga jioni moja uingie kenyalaw.org, ni bure, andika kwenye kutafuta neno linalofanana na lako, picha, mkopo, shule, hospitali, ukiweka na kifungu cha 31. Hukumu zimeandikwa kwa Kiingereza na ni ndefu, lakini huna haja ya kusoma zote, nenda kwanza mwisho uone ameamuru nini, alafu panda juu kidogo utafute aya inayosema kwa nini aliyeshindwa ameshindwa. Utakuta mara nyingi ni cheti cha 106B, au hakuandika barua, au hakwenda kwa Kamishna. Maamuzi ya Kamishna nayo yako kwenye tovuti ya ofisi yake, soma matatu manne ya kesi kama yako uone walivyopanga madai yao na walipewa nini, alafu anza kuandika ya kwako.